Oveni, Wi-Fi na dishi la kilomita 6: wimbi ni moja, nguvu si moja

SWALI: Kila tunapowasha oveni ya maikrowevu, Wi-Fi inasuasua mpaka chakula kiive. Niliweka simu ndani ya oveni ikiwa imezimwa, nikafunga mlango, nikaipigia, ikaita. Je, oveni inavuja na inatudhuru? Pia tunataka kuunganisha majengo yetu mawili yaliyoachana kilomita 6 kwa madishi ya maikrowevu, lakini tumeonywa kwamba mvua ikinyesha mawasiliano yatakufa, kwa kuwa maji ndiyo yanayonyonya mawimbi hayo. Ni kweli?

JIBU: Umeuliza mambo matatu, ila mzizi wake ni mmoja: kipokezi cha redio husikia nguvu ndogo mno, mamilioni ya mara chini ya ile inayoweza kuupasha mwili wa mtu joto. Wati 800 zilizomo ndani ya oveni, wati 0.1 zinazotoka kwenye ruta, na sehemu moja ya bilioni ya wati inayoifikia kompyuta yako ni mawimbi ya jamii moja. Ukiziweka namba hizo tatu mbele yako kwa pamoja, simu kuita ndani ya oveni haitakutisha tena, na hesabu ya madishi yako utaifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Maikrowevu ni mawimbi ya redio yenye masafa kati ya megahezi 300 na gigahezi 300, yaani wimbi lenye urefu wa kuanzia mita 1 hadi milimita 1. (Katika jibu hili, masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, mwendo wa kutoka hapa hadi pale nitauita umbali.) Oveni ya nyumbani hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45, ambapo wimbi lina urefu wa sentimita 12.2. Bluetooth, na Wi-Fi ya ukanda wa chini, zinakaa kati ya gigahezi 2.400 na 2.4835. Yaani oveni yako imesimama katikati ya barabara ya Wi-Fi. Na kwa kweli oveni ndiyo iliyotangulia. Ukanda huo ulitengwa mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, kwa ajili ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba inayotoa mawimbi bila kuwa ya mawasiliano. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka mwaka 1997. Vifaa visivyotumia waya viliruhusiwa kuingia humo bila leseni kwa sharti la kuvumilia kelele vitakazozikuta.

Kelele hiyo inatoka kwenye magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi ndani ya oveni, na inafaa kuijua tabia yake kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kumtambua mhalifu. Magnetroni ya kisasa ilizaliwa kwa ajili ya rada: John Randall na Harry Boot waliiunda mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na mwaka 1945 Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon akaona kwamba inaweza kupika. Katika oveni ya kawaida, transfoma hupandisha umeme hadi takriban volti 2,000, kisha kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya karibu mikrofaradi 1 ikisaidiana na dayodi huuongeza maradufu. Magnetroni hupata volti 4,000 hivi, lakini katika nusu tu ya kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wa hezi 50 maana yake ni milisekunde 10 za kelele, milisekunde 10 za kimya, tena na tena. Pakiti ya Wi-Fi, yaani kipande kimoja cha data, mara nyingi huchukua chini ya milisekunde 2, kwa hiyo nyingine hupenya katika kile kimya. Ndiyo maana ulichokiona ni kusuasua na si kukatika kabisa: faili litashuka polepole, bali simu ya video itaganda, kwa sababu sauti na picha haziwezi kusubiri pakiti irudiwe mara tano.

Kuna ishara nyingine iliyo wazi zaidi. Oveni nyingi zenye transfoma hazijui kupunguza nguvu. Ukichagua nguvu ya chini, au hali ya kuyeyusha barafu, magnetroni huwaka kwa nguvu zote sekunde kadhaa kisha huzima sekunde kadhaa. Utaisikia: mngurumo unazidi, kisha unabaki wa feni peke yake. Weka kikombe cha maji ndani, chagua kuyeyusha, kisha endesha jaribio la pingi kwenye kompyuta (inatuma ujumbe mfupi kwa ruta na kupima muda wa jibu). Muda wa majibu ukiruka mngurumo unapozidi na kutulia feni inapobaki peke yake, umempata. Usiipotoshe maana ya matokeo hayo, lakini. Yanathibitisha kwamba oveni inaingilia Wi-Fi. Hayathibitishi kwamba inavuja kupita kiasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuchukue kwamba kuta na mlango wa oveni vinapunguza wimbi mara 10,000, ambazo ni desibeli 40 (kila desibeli 10 ni mara kumi). Kati ya wati 800, wati 0.08 zitatoka nje kupitia ukingo wa mlango. Hizo ni karibu sawa na nguvu ya ruta yako. Hata tukidhani zote zimetokea kwenye tundu moja, ukipima sentimita 5 kutoka hapo utapata takriban milliwati nusu kwa sentimita ya mraba. Kikomo kinachotumika Marekani, na katika viwango vya kimataifa vya usalama wa vyombo hivi, ni milliwati 5 kwa sentimita ya mraba kwa umbali huohuo. Uko mara kumi chini ya kikomo. Ukirudi nyuma hadi sentimita 50, nguvu inashuka mara 100 zaidi, kwa sababu umbali ukizidi mara kumi nguvu hupungua mara mia.

Sasa nenda mita 3 kutoka kwenye oveni, hapo penye kompyuta. Antena yake ndogo itaokota mikrowati 1 hivi ya mvujo ule. Kutoka kwenye ruta iliyo nyuma ya kuta mbili huenda inapokea −60 dBm, yaani mikrowati 0.001. (Kipimo cha dBm huanzia milliwati 1, ambayo ni 0, kila desibeli 10 ukishuka, unagawanya kwa kumi.) Oveni iliyo salama kabisa, iliyo mara kumi chini ya kikomo, inapiga kelele mara 1,000 kuliko ruta masikioni mwa kompyuta. Kwa mwili wako mikrowati 1 si kitu. Kwa kipokezi ni ngurumo.

Jaribio la simu linaangushwa na hesabu hiyohiyo. Kama jikoni simu inapokea −60 dBm kutoka mnarani na oveni ikaipunguzia desibeli 40, itabaki na −100 dBm, na simu nyingi bado huita kwa kiwango hicho. Zaidi ya hapo, mlango wa oveni umetengenezwa kuzuia gigahezi 2.45, ilhali simu huenda iko kwenye megahezi 800 au 900, ambako kinga ya mlango si ile iliyokusudiwa. Simu ikiita, hujajua lolote. Isipoita vilevile hujajua. Pengine mnara uko mbali. Nakuomba usilirudie: siku moja mtu ataibonyeza oveni na simu imo ndani, na betri ya simu ikipasuka humo ni moto.

Kama unataka kujua hali ya mlango, uangalie mlango wenyewe. Wengi hudhani mawimbi huzuiwa na mpira au plastiki ya ukingoni, kama ilivyo kwenye friji. Sivyo. Nyuma ya ile plastiki kuna mfereji wa chuma unaozunguka mlango mzima, wenye kina cha takriban robo ya wimbi, sentimita 3 hivi. Wimbi linalojipenyeza kwenye mwanya linaingia katika mfereji huo, linagonga mwisho wake na kurudi likiwa kinyume cha lile linalokuja, na yote mawili yanafutana. Kwa ajili hiyo mlango hauhitaji kubana kama mfuniko wa chupa. Unahitaji kukaa sawa na mwili wa oveni, mwanya ukiwa mdogo na ule ule pande zote. Kioo nacho kina wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita 1 au 2. Mwanga hupita, bali wimbi la sentimita 12 halioni pa kupitia.

Basi kagua hivi. Fungua mlango, uinue kidogo kwa mkono: ukichezacheza, bawaba zimelegea au zimepinda. Ufunge, kisha uangalie mwanya juu na chini; ukiwa mpana upande mmoja, kuna tatizo. Pitisha kidole kwenye ukingo kutafuta mafuta yaliyogandia, plastiki iliyoungua au rangi iliyobambuka na kuacha kutu. Angalia wavu wa kioo kama umepasuka au kutoboka. Ufa wa kioo cha nje peke yake si hatari sana, ila wavu ukichanika acha kuitumia oveni hiyo. Mwisho, fungua mlango oveni ikiwa inafanya kazi na kikombe cha maji kikiwemo. Inatakiwa izime papo hapo. Ikiendelea hata kwa nusu sekunde, swichi za mlango zimeshindwa, na hapo ndipo penye hatari halisi. Kwa kawaida huwa tatu, na mojawapo kazi yake ni kuunguza fyuzi kwa makusudi endapo nyingine zimeganda. Fundi anayebadilisha fyuzi mara mbili tatu bila kuzipima swichi hizo hajatengeneza kitu.

Uangalie pia ndani, ukuta wa upande wa kulia mara nyingi, kwenye kibamba cha rangi ya kijivu au hudhurungi chenye ukubwa wa kiganja. Hiyo ni mika, madini yenye tabaka nyembamba yasiyopitisha umeme, inafunika mdomo wa njia inayoleta mawimbi kutoka kwenye magnetroni. Mafuta yakirukia hapo na kuungua hugeuka makaa, makaa hupitisha umeme, na cheche zinaanza. Watu huitupa oveni nzima kwa kosa la kibamba hicho. Chomoa plagi, kitoe, kata kipya kutoka kwenye karatasi ya mika kwa umbo lilelile, safisha ukuta vizuri, kirudishe. Kama chuma cha nyuma kimetoboka au enameli imeungua hadi chuma tupu, hapo oveni imefika mwisho.

Usivuke hapo. Ukifungua ganda la nje utakutana na ile kapasita ya volti za maelfu. Ndani yake huwa kuna rezista ya kuimaliza chaji, lakini rezista hiyo hukatika kimya kimya bila dalili yoyote, na kapasita hubaki imejaa hata oveni ikiwa imechomolewa. Transfoma yake ni mbaya zaidi: ina volti 2,000 na mkondo wa kutosha kuusimamisha moyo. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa kazi hiyo hasa.

Kuhusu madhara kwa mwili: chembe moja ya nishati kwenye gigahezi 2.45 ina takriban sehemu 10 za milioni ya elektronivolti (kipimo cha nishati ndogo mno), ilhali kuvunja kifungo cha kemikali katika seli kunahitaji elektronivolti kadhaa. Maikrowevu haivunji chembe za urithi kama iwezavyo eksirei. Hupasha joto, basi. Ukipata nguvu nyingi karibu, utaungua, na macho ndiyo dhaifu zaidi kwa kuwa lenzi haina damu ya kuondoa joto. Ajali za oveni ninazozihofia kwa dhati ni mbili, na hakuna hata moja inayohusu mvujo. Maji safi ndani ya kikombe laini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutoa povu, kisha yakalipuka ukiyatia kijiko. Weka kijiti cha mbao ndani kabla ya kupasha, na usizidishe muda. Ya pili ni chakula cha mtoto: mawimbi yanayogongana ndani ya kisanduku huacha sehemu za moto na za baridi zilizoachana sentimita 6 hivi, yaani nusu ya wimbi, kwa hiyo chupa inaweza kuwa vuguvugu mkononi na kuwa na maji ya kuunguza katikati. Ikorogwe kila mara.

Dawa ya Wi-Fi yako ni rahisi. Hamishia vifaa vyote vinavyokubali kwenye ukanda wa gigahezi 5, ambao oveni haiugusi, na tatizo litaisha siku hiyohiyo. Kwa vile visivyojua ukanda huo, kama kamera na plagi nyingi za kisasa, usiiachie ruta ijichagulie chaneli. Magnetroni haitulii kwenye masafa mamoja. Huyumba kuzunguka gigahezi 2.45 kwa kadiri inavyopata joto na kwa kadiri ya chakula kilichomo. Chaneli ya 1 ina kitovu kwenye 2.412, ya 6 kwenye 2.437, ya 11 kwenye 2.462. Jaribu ya 1 kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi. Na usiweke ruta juu ya oveni wala nyuma yake; mita 2 za ziada zina faida kuliko ruta mpya.

Tuje kwenye mvua. Aliyekuonya amejenga juu ya imani iliyoenea, kwamba gigahezi 2.45 ilichaguliwa kwa sababu ndiyo masafa maalumu ya maji. Si kweli. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, hivyo hujaribu kugeuka kila wimbi linapogeuka, na kule kusuguana na jirani zake ndiko kunakotoa joto. Maji ya kawaida hunyonya kwa ukali zaidi karibu na gigahezi 20. Masafa ya oveni yako chini kwa makusudi: kama yangenyonywa kwa ukali ule, ngozi ya chakula ingeungua huku ndani kukiwa kubichi. Kwenye 2.45 wimbi hupenya sentimita moja hadi tatu katika vyakula vingi. Barafu hainyonyi karibu kitu, kwani molekuli zake zimefungwa mahali pamoja. Ndiyo sababu nyama iliyoganda huiva pembeni, palipoyeyuka kwanza, na katikati pakabaki jiwe.

Halafu upime wingi wa maji yenyewe. Kikombe kina gramu 250 mahali pamoja, tena ndani ya sanduku ambamo wimbi linarudishwa na kuta mpaka linyonywe. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa ina gramu 2 na kitu tu za maji katika kila mita ya ujazo ya hewa. Swali linabaki: matone hayo ni makubwa kiasi gani mbele ya wimbi? Tone ni milimita 1 hadi 5. Wimbi la gigahezi 5.8 ni milimita 52, hivyo linalipita tone kama mawimbi ya bahari yanavyopita kigingi. Wimbi la gigahezi 80 halifiki milimita 4, na tone kwake ni ukuta.

Kwa mvua hiyohiyo ya milimita 50 kwa saa, kwenye 5.8 unapoteza desibeli 0.2 au 0.3 kwa kilomita. Kilomita 6 zote hazifikishi 2. Kwenye gigahezi 18 unapoteza 4 hadi 5 kwa kilomita, jumla karibu 30 kama mvua imefunika njia nzima. Kwenye 38 ni takriban 12 kwa kilomita, na kwenye 80 ni 18 au zaidi, yaani zaidi ya 100 kwa njia yako. Hakuna redio itakayohimili. Aliyekuonya angekuwa na haki kama ungeuziwa vifaa vya gigahezi 80, ambavyo vinavutia kwa kasi yake lakini ni vya kilomita moja au mbili. Vya gigahezi 60 hata bila mvua ni vya karibu, maana oksijeni ya hewa peke yake hula takriban desibeli 15 kwa kilomita. Ukilazimika kutumia 18, simamisha wimbi wima badala ya kulilaza: tone linaloanguka hubonyea likawa pana, kwa hiyo wimbi lililolala huumia zaidi.

Kwa hiyo kwa kilomita 6 ningechagua 5.8, mradi eneo lenu halijasongamana. Hesabu ya njia ni ya kujumlisha na kutoa. Upotevu wa angani ni 92.4, jumlisha 20 mara logi (ya msingi wa 10) ya kilomita, jumlisha 20 mara logi ya gigahezi. Kwako: 92.4 + 15.6 + 15.3 = desibeli 123.3. Dishi la sentimita 40 kwenye masafa haya hukuza kwa takriban desibeli 25. Redio ikitoa 20 dBm (milliwati 100), ukaondoa desibeli 2 za viunganishi, upande wa pili utapokea 20 + 25 − 123.3 + 25 − 2, ambayo ni −55 dBm. Hizo ni sehemu tatu za bilioni ya wati, na zinatosha kupitisha mamia ya megabiti. Redio nyingi za aina hii huhitaji kama −70 kwa kasi za juu. Soma jedwali la yako, kwani hutofautiana. Una akiba ya desibeli 15, na mvua itakula 2.

Kabla ya kununua, ulizia kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako nguvu inayoruhusiwa ikijumlishwa na dishi. Hesabu ya juu inafika 45 dBm (20 za redio na 25 za dishi), na mahali pengi kikomo bila leseni ni cha chini. Kikiwa 36, shusha redio kwa 9. Utapokea −64, na bado una akiba ya 6. Ukitaka akiba zaidi, weka dishi kubwa upande wa kupokea, si nguvu zaidi upande wa kutuma. Dishi la sentimita 60 linakupa desibeli 3 na nusu zaidi, na muhimu kuliko hizo, linafumba masikio kwa majirani: mwale wake ni nyuzi 6, wa sentimita 40 ni nyuzi 9. Ukizima kipengele cha kusikiliza rada katika chaneli zinazokihitaji, unaziba macho rada za hali ya hewa zilizo karibu na gigahezi 5.6. Usimruhusu fundi yeyote akushawishi kukizima.

Kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Wimbi halisafiri kama uzi, linahitaji nafasi yenye umbo la mhogo kati ya madishi mawili. Nusu kipenyo cha nafasi hiyo katikati ya njia ni 8.66 mara kipeuo cha pili cha kilomita ukigawanya kwa gigahezi: kwako mita 8.8. Angalau asilimia 60 yake iwe wazi, mita 5.3, kisha uongeze nusu mita kwa ajili ya mbonyeo wa dunia. Basi mstari wa macho upite mita 6 juu ya mti mrefu kuliko yote katikati ya njia. Na miti hukua. Jipe mita 3 za ziada kama ni michanga. Majani mabichi yamejaa maji, na safu moja ya miti inaweza kula desibeli zaidi kuliko dhoruba.

Kulenga dishi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Mwale wa nyuzi 9 una upana wa karibu mita 900 ukifika upande wa pili, kwa hiyo kuupata si shida. Shida ni kuupata ule wenyewe. Kila dishi lina mwale mkuu na vijimwale pembeni, vilivyo chini kwa desibeli 15 hadi 20. Fundi asiye na subira akipata ishara kwenye kijimwale, anakaza skrubu na kushuka. Kinga ni kuijua namba kabla ya kupanda: umekokotoa −55, ukisoma −73 hujamaliza. Upande mmoja tu usogezwe kwa wakati. Zungusha polepole kushoto hadi ishara ife, rudi kulia hadi ife tena upande wa pili, kisha kaa kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Fanya hivyo kwa juu na chini, halafu mwenzako arudie upande wake, halafu wewe tena. Unapokaza, kaza skrubu kwa zamu huku ukitazama namba, maana kukaza peke yake huvuta dishi. Namba zikitofautiana na hesabu kwa desibeli 2 au 3 tu, imetosha. Zikiwa chini yake kwa 20 au zaidi licha ya kulenga vizuri, angalia kama dishi moja limefungwa likiwa limegeuzwa nyuzi 90.

Waya wa mtandao unaopanda mlingotini usizidi mita 100, uwe wa nje wenye ganda la kuhimili jua na kinga ya chuma, na uachiwe kitanzi cha chini kabla ya kuingia kwenye redio au ukutani ili maji yadondokee hapo. Weka kizuia radi juu na chini, na mlingoti uwe na waya wake wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini. Viunganishi kati ya redio na dishi vifungwe kwa tepu ya mpira inayojigandisha, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama vigae, kisha tepu ya kawaida juu yake.

Siku ya kukabidhi, andika kwenye karatasi ishara ya pande zote mbili, na ya kila wimbi, la wima na la kulala, kama redio yako inatumia yote mawili. Karatasi hiyo ndiyo itakayoongea baadaye. Ishara ikishuka 6 usiku mmoja wenye upepo, dishi limesogea. Ikishuka moja moja kwa miezi, ni miti. Ikibaki palepale huku kasi ikianguka, kuna jirani amewasha redio yake kwenye chaneli yako, hamia nyingine. Na ikishuka desibeli 10 kila mvua inaponyesha, kisha ikachukua saa nyingi kurudi baada ya jua kutoka, usilaumu mawingu. Kwenye 5.8, mvua ya njia nzima haiwezi kukunyang'anya 10. Maji yameingia kwenye kiunganishi, na mara nyingi utaona ni wimbi moja tu lililoshuka, la upande wa waya uliolowa. Fungua hicho kiunganishi. Ukikuta shaba imegeuka kijani, usijaribu kuikausha. Kata waya, ufunge kichwa kipya, kisha uanze tepu upya kutoka chini.